Kibarua Asiye na Barua

Kibarua, kwa asili ya neno lenyewe, ni barua ndogo. Wazee wetu wa mwambao walimpa jina hilo mfanyakazi wa kutwa kwa sababu ya kijikaratasi alichokabidhiwa kazini, ambacho kilikuwa ithibati ya kwamba siku ile amefanya kazi na kwamba anastahiki ujira wake. Kijikaratasi kikawa jina la kazi, na jina la kazi likawa jina la mtu. Karne moja na zaidi imepita tangu hapo, jina limedumu na karatasi imetoweka, na mimi ambaye riziki yangu ni uwakili, na ambaye aghalabu ya wateja wangu ni watu walioacha kiungo kimoja au viwili vya miili yao mahali walipokwenda kutafuta chakula cha watoto, nimeishuhudia hasara ya kutoweka kwake mwaka baada ya mwaka.

Nitamtaja mmoja wao pasipo kumtaja jina, kwa kuwa kisa chake ni kisa cha wengi. Alikuja ofisini kwangu hapa Tanga asubuhi moja ya masika, nguo zimelowa na mkono wa kulia umeviringwa kitambaa, akaketi ukingoni mwa kiti kama aketivyo mtu asiyekuwa na yakini kwamba amekaribishwa. Alikuwa mtu wa makamo, amefanya kazi miaka 6 katika kiwanda kidogo cha kupasua na kuranda mbao, na msumeno ulikuwa umemchukua vidole vitatu, cha shahada, cha kati na cha pete, ukamwachia gumba na kidole cha mwisho. Nilimwuliza yale ambayo wakili hana budi kuyauliza kwanza, mkataba uko wapi, hati ya mshahara iko wapi, kitambulisho cha kazi kiko wapi. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mheshimiwa wakili, babu yangu aliletwa Tanga kutoka Kigoma kuja kukata mkonge, na kipande chake tunacho sandukuni hata leo. Yeye alikuwa na karatasi. Mimi sina."

Msomaji kijana huenda hakijui kipande, basi na nimweleze. Katika zama za mkoloni, mashamba ya mkonge ya Tanga yalikuwa na njaa ya watu isiyoshiba, na kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na shirika lao la kukusanya wafanyakazi, lililojulikana kwa jina la Silabu, ambalo liliwaleta watu kutoka Kigoma, Njombe, Ruanda-Urundi na Msumbiji kwa maelfu, kila mmoja na namba yake, ndipo wakaitwa manamba. Mfanyakazi alipewa kadi yenye miraba 30. Mnyapara alitia alama katika mraba mmoja kwa kila siku ambayo kazi iliyopimwa imekwisha, na mshahara haukutoka mpaka miraba yote 30 ijae. Aliyeugua alingoja, aliyechoka alingoja, na aliyeshindwa kumaliza kazi ya siku aliihesabu siku ile kuwa imekwenda bure. Sina nia ya kukisifu kipande. Kilikuwa kamba ya kumfungia mtu. Walakini ilikuwa kamba yenye ncha mbili, na ncha ya pili ilifungwa kwa tajiri, ambaye hakuweza kusema hamjui mtu ambaye kadi yake imejaa alama za mnyapara wake mwenyewe. Siku hizi ncha ile ya pili imefunguliwa, na aliyefungwa amebaki amefungwa na njaa yake peke yake.

Ni haki pia nieleze neema tuliyo nayo, maana mwandishi anayelalamika pasipo kukiri mema huwa kama shahidi aliyeapa kusema nusu. Sheria ya fidia iliyotungwa mwishoni mwa miaka ya 1940, ambayo katika vitabu vyetu ilikuwa Sura ya 263, iliendelea kutumika miongo mingi baada ya uhuru. Thamani ya shilingi ikashuka, viwango vilivyoandikwa ndani yake vikabaki pale pale, mpaka ikawa fidia ya juu kabisa kwa mtu aliyelemaa daima ni shilingi 108,000, fedha ambayo katika miaka yake ya mwisho haikutosha kununua gunia moja la mchele. Nakumbuka fedheha ya kumkabidhi mtu hesabu hiyo kwa mkono wangu. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Namba 20 ya mwaka 2008, ndiyo iliyoiondoa fedheha ile, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioundwa kwayo ukaanza kazi Julai 2015, ukiwajumuisha waajiri wa Tanzania Bara, wa serikali na wa binafsi. Mchango ni wa mwajiri peke yake, wala si halali kumkata mfanyakazi hata senti moja. Kwa sekta binafsi ulianza kwa asilimia 1 ya mishahara na baadaye ukashushwa hadi asilimia 0.5. Aliyeumia hugharimiwa matibabu, hulipwa akiwa nje ya kazi, husaidiwa utengemao ili arudi katika shughuli, na akifariki wategemezi wake hawasahauliwi.

Msingi wa sheria za namna hii, tangu Ujerumani ilipotunga ya kwao mwaka 1884 na Uingereza ikafuata mwaka 1897, ni suluhu baina ya kazi na mali. Mfanyakazi hatakiwi tena kuthibitisha kwamba tajiri alizembea, kwamba msumeno haukuwa na kinga au kwamba ngazi ilikuwa imelika, na tajiri naye haburutwi mahakamani kwa kila tone la damu lililodondoka kiwandani mwake. Huchanga kidogo kidogo wakati wa salama ili fidia itoke wakati wa msiba. Ni suluhu njema, na sijaona iliyo bora. Lakini tazama ajabu yake: sheria imemwondolea maskini mzigo wa kuthibitisha kosa la mwingine, na maisha yamemtwisha mzigo mzito zaidi, wa kuthibitisha kuwapo kwake mwenyewe.

Hesabu ya fidia, kwa anayeijua, si ngumu. Mtu aliyekuwa akipata shilingi 300,000 kwa mwezi, akapimwa na kuonekana kwamba ulemavu wake wa kudumu ni asilimia 50, huchukuliwa asilimia 70 ya mshahara wake, yaani shilingi 210,000, na nusu ya hiyo, shilingi 105,000, huwa ndiyo msingi wa pensheni yake ya mwezi. Ulemavu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo mmoja. Aliye nje ya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake, kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Katika hesabu zote hizo, kama msomaji alivyokwisha kuona, neno linalorudi ni mshahara. Na mshahara usioandikwa popote husemwa na tajiri, naye tajiri, hata akiwa mcha Mungu, katika saa ile hukumbwa na usahaulifu wa ghafla, akakumbuka wiki za kazi haba na kuzisahau wiki za kazi nyingi.

Watu wa pwani tulikuwa na hesabu ya viungo kabla ya jedwali la serikali. Katika fiqhi ya dia, ambayo mashekhe wetu waliisomesha barazani, nafsi ya mtu ilikadiriwa kwa ngamia 100, mkono mmoja kwa nusu yake, na kila kidole kwa ngamia 10, gumba na kidole cha mwisho vikiwa sawasawa, na cha tajiri kikiwa sawa na cha fukara. Jedwali la kisasa lina hekima nyingine, kwamba gumba lina uzito kuliko kidole cha mwisho kwa sababu hushika zaidi, na kwamba asilimia ikishapatikana hupimwa kwa pato la mtu. Hivyo kidole cha meneja na kidole cha kibarua, vilivyokatwa na mashine moja saa moja, haviwi na thamani moja. Sidai turudi katika ngamia. Makusudi ya fidia ya leo ni kurudisha pato lililopotea, na pato la watu halilingani. Nasema tu kwamba, maadamu tumekubali kukipima kidole kwa mshahara, basi yule asiyemwandikia mfanyakazi mshahara wake amekishusha thamani kidole kile kabla ya msumeno kukigusa.

Sasa nirudi kwa mteja wangu. Kadi ya hospitali aliyonionyesha ilikuwa imeandikwa kwamba ameumia nyumbani akichanja kuni. Nilipomwuliza nani aliyasema hayo, akajibu kwamba ni mnyapara aliyempeleka, ambaye alisimama kando ya kitanda akajibu maswali yote kwa niaba yake, naye mwenyewe kwa maumivu hakuwa na ulimi. Tajiri, nilipomwandikia, alijibu kwa adabu nyingi kwamba hana mfanyakazi wa jina hilo, na kwamba watu wa mtaani huingia na kutoka kiwandani mwake kuokota vibao vya kupikia. Sheria inamtaka mwajiri atoe taarifa ya ajali ndani ya siku 7 tangu aijue. Lakini siku 7 za mtu asiyekuwapo huanza kuhesabiwa lini?

Hapo ndipo kazi ya uwakili inapoacha kuwa kazi ya vitabu ikawa kazi ya miguu. Tulitafuta jumbe za malipo ya simu, tukazipata chache, maana ujira wake aghalabu ulilipwa mkononi. Tulitafuta wenzake, wakatuambia kweli yote chini ya mwembe, na tulipowaomba waje waiseme mbele ya karani wakatuomba radhi, kwa kuwa kesho yake walikuwa na haja ya kazi ile ile. Siwalaumu, ushahidi ni jambo tukufu, lakini haujazi chungu. Mwisho wa yote tulifika kwa mama ntilie aliyepika nje ya lango la kiwanda, mwanamke mtu mzima wa maneno machache, ambaye alikuwa na daftari la madeni. Kila Jumamosi, kabla vibarua hawajalipwa, mnyapara alilipitia daftari lile, akakata katika ujira wa kila mmoja deni la chakula chake, akamlipa mama, na kutia sahihi yake pembeni. Palikuwa na miaka 3 ya Jumamosi humo, kurasa zina madoa ya mchuzi, na jina la mteja wangu liko karibu katika kila ukurasa, likifuatwa na sahihi ya mnyapara yule yule aliyesema ameumia nyumbani. Nilimwambia, "Mama, daftari hili ni mali kubwa." Akaniambia, "Lichukue, mwanangu, ila ulirudishe. Humo mna wadeni wangu."

Lingekuwa jambo la kufurahisha kama kisa kingeishia hapo, kwa akili ya wakili na bahati ya daftari. Mimi naona ni aibu yetu sote, kwa sababu haki iliyotegemea madoa ya mchuzi ni haki iliyoponea chupuchupu, na kwa kila daftari lililohifadhiwa yako mangapi yaliyofungiwa maandazi? Tena haikuwa lazima iwe hivyo. Sheria ya Taasisi za Kazi, Namba 7 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 61, inasema kwamba mtu anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa ni mwajiriwa ikiwa hata moja tu ya alama zilizotajwa ipo, na miongoni mwa alama hizo ni kwamba namna au saa zake za kazi zinatawaliwa na mwingine, kwamba amefanya kazi kwa wastani usiopungua saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita, kwamba anamtegemea mtu huyo kwa riziki yake, au kwamba vifaa vya kazi ni vya mtu huyo. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka huo huo, katika kifungu cha 15, inamtaka mwajiri aandike masharti ya kazi, na inasema kwamba asipoyaleta maandishi hayo penye shauri, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa ni wake yeye mwajiri. Mkataba wa mdomo nao ni mkataba. Watunga sheria walikuwa wamekwisha kuliona lango la kiwanda, wakamwona kibarua anaingia bila karatasi, wakasema karatasi ikikosekana aulizwe mwenye lango.

Hii ndiyo hoja yangu, nami sina nyingine kubwa kuliko hii: dhana ile ya sheria ishushwe kutoka rafuni iwekwe juu ya meza ya karani anayepokea madai. Aliyeumia akifika, akaeleza alifanya kazi wapi, chini ya nani, kwa vifaa vya nani na kwa muda gani, na maelezo yake yakawa na sura ya ukweli, basi na achukuliwe kuwa ni mfanyakazi, na aitwe tajiri aeleze kinyume chake akiweza. Ilivyo sasa katika mazoea, kama nilivyoyaona mimi, mtu huambiwa nenda kalete barua ya mwajiri, yaani huagizwa kwa yule yule mwenye sababu zote za kutoiandika, kisha muda unakwenda, miezi 12 ambayo sheria imeiweka kwa kuleta madai inapita, na haki inakufa kifo cha kimya pasipo mtu yeyote kuikataa.

Najua yatakayosemwa. Itasemwa kwamba mlango ukifunguliwa hivyo wataingia wadanganyifu, mtu ameanguka kwenye mnazi wake mwenyewe akaja kudai alikuwa kazini. Wadanganyifu wapo, nami nimewahi kuwafukuza ofisini kwangu. Lakini dhana si hukumu, ni mahali pa kuanzia tu, na tajiri mwenye orodha ya wafanyakazi wake iliyoandikwa vizuri ataibomoa hadaa kwa dakika moja. Anayeogopa dhana hii ni yule asiyekuwa na orodha. Itasemwa pia kwamba viwanda vidogo vitafungwa kwa mzigo wa michango. Hebu tuhesabu pamoja: asilimia 0.5 ya mshahara wa shilingi 300,000 ni shilingi 1,500 kwa mwezi mzima, kiasi kisichozidi bei ya sahani ya wali na maharage kwa mama yule wa nje ya lango. Kiwanda kisichoweza kumnunulia mfanyakazi wake sahani moja ya amani kwa mwezi kina maradhi mengine, si ya michango.

Liko jambo la pili, ambalo halimo katika sheria yoyote, nalo ni ulimi wetu wenyewe. Tumelelewa katika lugha ambayo mtu akiulizwa "hujambo" hujibu "sijambo" hata akiwa na homa, na akiulizwa anaendeleaje humshukuru Mungu kwanza, kwa kuwa kumlundikia mgeni mashaka yako ni utovu wa adabu. Adabu hiyo ni pambo letu kila mahali isipokuwa mahali pamoja, chumba cha kupimwa ulemavu. Tabibu humwuliza, "Unaendeleaje, mzee?" naye hujibu, "Alhamdulillahi, naendelea vizuri." Tabibu, aliye na foleni ndefu mlangoni, huandika kwamba anaendelea vizuri, na neno lile la shukrani likishaingia katika faili hugeuka shahidi wa upande wa pili. Mteja wangu aliniambia mimi mwenyewe kwamba anaweza kazi zote. Ni mkewe aliyesema, tena kwa kumwomba mumewe radhi, kwamba hafungi kifungo cha shati, hamenyi chungwa, na kwamba usiku huamka akakuna vidole ambavyo havipo.

Ndiyo sababu nasema kazi hii ina uchungu wake ambao hawaufundishi vyuoni. Wakili wa biashara humsifu mteja wake kwa aliyo nayo. Mimi humkalisha mwanamume mbele ya mkewe nikamtaka ahesabu asiyoyaweza, moja baada ya jingine, mpaka kiburi chake chote kimekuwa maandishi. Hulifanya hilo kwa upole, na humwambia kila mara kwamba udhaifu ulioandikwa si idhilali, ni hesabu ya mali yake iliyopotea; lakini sijazoea, na naomba nisizoee. Kwa matabibu nina nasaha mbili. Msiulize anaendeleaje, mwambieni avue shati mbele yenu. Na majeruhi anapoletwa na mnyapara, mtoeni mnyapara nje kabla ya kuuliza ajali ilitokea wapi.

Fauka ya hayo, ripoti inayoamua maisha ya mtu aghalabu huandikwa kwa Kiingereza, na anayepimwa huitia dole gumba pasipo kujua kama imesema kweli. Mwaka 2021 Bunge lilifanya marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zetu. Sioni sababu ya lugha hiyo kufika kwa jaji na kushindwa kufika kwa daktari. Mtu asomewe mwili wake kwa maneno anayoyajua, akanushe palipokosewa, ndipo atie dole.

Sitakuwa mwadilifu nikinyosha kidole kwa wengine na kuwaacha wenye taaluma yangu. Karibu na wodi za majeruhi huzunguka vishoka, watu wasiokuwa na leseni wala elimu, wanaomwahidi aliyeumia mamilioni kisha wakamla nusu ya kile alichokipata. Na wako mawakili wenye leseni ambao tofauti yao na hao ni tai shingoni. Fidia ya ulemavu si ngawira. Ni mkono wa mtu uliogeuzwa fedha, na anayekula humo kupita ujira wa haki anakula mkono. Sheria ya Msaada wa Kisheria, Namba 1 ya mwaka 2017, imewatambua wasaidizi wa kisheria, ambao wako karibu na watu kuliko sisi; madai mengi ya fidia hayahitaji wakili kabisa, yanahitaji mtu mwaminifu wa kujaza fomu sawasawa, kuhifadhi vielelezo na kuzikumbuka tarehe. Wakili na aje pale penye ubishi. Najua ninapunguza riziki yangu kwa maneno haya, lakini wanaohitaji kubishaniwa bado ni wengi, sitalala njaa.

Wala asidhani mtu kwamba ni sisi tu. Jirani zetu wa Kenya, kwa sheria yao ya fidia ya majeraha kazini ya mwaka 2007, hawana mfuko mmoja kama wetu. Mwajiri hulazimika kukata bima, na mwaka 2019 Mahakama yao ya Juu iliamua kwamba madai yaanzie kwa Mkurugenzi wa usalama na afya kazini, si mahakamani. Njia ni tofauti. Lakini nikikutana na mawakili wenzangu wa Mombasa, huwakuta na mtu yule yule kibarazani mwao, mkono umeviringwa kitambaa, anaulizwa karatasi iko wapi.

Dawa yake haihitaji mtambo wala mkopo. Kijikaratasi kile cha wazee kirudi, kwa sura ya zama hizi. Ikiwa tajiri anaweza kumlipa kibarua kwa simu, anaweza vilevile kumwandikia ujumbe wa mstari mmoja: jina lako, jina la kazi, siku ulizofanya, ujira wako. Wakaguzi wa kazi watakapopita viwandani wasiulize tu kama moto una kizimio. Waulize kama mtu ana maandishi. Nawe msomaji ambaye si tajiri wa kiwanda, bali una dada wa kazi nyumbani, au fundi anayekujengea na wasaidizi wake watatu, usidhani nazungumza na mwingine. Andika. Na wewe unayefanya kazi bila kuandikwa, hifadhi kila ujumbe, kila risiti, kila picha uliyopigwa na wenzako mbele ya mashine, na ukiumia sema mwenyewe umeumia wapi, hata ikiwa kwa sauti ya kunong'ona.

Madai ya mteja wangu yalikubaliwa baada ya mwaka mmoja na miezi kadhaa, akalipwa kwa mkupuo, akafungua kibanda cha kuuza mkaa kwao Muheza, ambako mkewe ndiye anayefunga magunia. Daftari nililirudisha kwa mwenyewe, naye alilifungua papo hapo kuhakikisha kwamba hakuna ukurasa uliopungua. Lilikuwa limeifanya kazi ambayo tajiri aliikataa kwa miaka 6: kuandika jina la mtu na siku aliyofanya kazi.